Mkaa au gesi kwenye boti ya mjomba

Jumapili, Julai. Njombe.

Ukungu haukuinuka mpaka mchana, na ulipoinuka ukaacha baridi ile inayoingia kwenye mifupa. Nimevaa masweta mawili na koti la mume wangu, na bado vidole vinagoma kuandika. Niko kwa wifi yangu Tumaini, kwenye nyumba ya marehemu mama mkwe. Wifi amelala chumba cha pili. Kila baada ya muda nasimama mlangoni kwake nisikilize kama anapumua.

Anapumua.

Wanaonisoma hapa wamezoea niandike habari za banda langu la kuchomea nyama kule Makambako: mbuzi, kuku, ndizi, na vituko vya abiria wanaoshuka kwenye mabasi na njaa zao. Leo sina kituko. Nataka niandike yaliyotupata ziwani kabla sijaanza kuyasimulia kwa namna inayonipendeza mimi.

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa dereva wa malori ya mbao tangu kabla hatujaoana. Mwaka jana mgongo ukamshinda, akabaki nyumbani. Mwanamume aliyezoea barabara akikaa nyumbani anakuwa kama ng'ombe aliyefungwa kamba fupi. Alizunguka banda langu, akapanga viti ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa, akagombana na wateja kuhusu mpira. Kisha mjomba wake aliyekuwa akiishi Manda, kule chini Ludewa, kando ya Ziwa Nyasa, akafariki na kumwachia boti. Boti ya mbao yenye injini, si kubwa, ina kibanda kidogo cha mbao upande wa mbele, chenye mlango mmoja na kidirisha.

Aliporudi kutoka kuiona mara ya kwanza alinuka petroli na samaki, na alikuwa anaimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu mgongo uanze.

Wazo lilikuwa lake, nami nililipenda. Tuwabebe watu wanaotaka kutembea ziwani: maharusi, wageni, watu wa huku juu ambao wamezaliwa na baridi na wanataka kuona maji na jua. Yeye na nahodha wa marehemu mjomba, anaitwa Ombeni, waongoze boti. Mimi nichome samaki na mbuzi humohumo, watu wakila huku wakitazama milima. Kabla hatujatangaza, kwaya ya mtaa wetu ikawa imeshaomba iwe ya kwanza.

Kilichobaki kuamua ni tuchomee nini. Mkaa au gesi.

Ungedhani ni jambo la kumalizwa kwa chai moja. Lilikaa nyumbani kwetu wiki nyingi kama mgeni asiyeaga.

Mimi nilitaka gesi. Sababu yangu ya kwanza ilikuwa upepo. Nimechoma kwa mkaa miaka yote hii, najua cheche ikipata upepo inavyoruka, na kwenye boti kuna madumu ya petroli. Baba Neema alitaka mkaa. Mkaa wa miti ya miwati ya Njombe, alisema, hauna mfano, na mtu hawezi kushuka mpaka Manda kwenda kula nyama ya gesi.

"Nyama ya gesi ni nyama ya kuchemsha iliyokosa maji," alisema mbele ya wateja wangu, nao wakacheka.

Nikaenda kwa muuza gesi pale Makambako kuuliza. Alinijibu kwa uaminifu, na uaminifu wake ukaniharibia kesi. Aliniambia gesi ikivuja haipandi, inashuka chini, na kwenye boti itajikusanya tumboni mwa boti ikisubiri mtu awashe kiberiti. Kama ni lazima, alisema, mtungi ukae nyuma kabisa, mahali pa wazi, usimame wima, na mpira nikague kwa povu la sabuni kila safari. Niliporudi na maneno hayo, Baba Neema alimpigia Ombeni simu na kuweka sauti kubwa ili nisikie.

"Mama, mkaa tumeuzoea," Ombeni alisema. "Moshi wake unauona. Gesi huioni."

Basi. Kesi ikafungwa.

Inabidi niseme habari za mama mkwe, maana bila yeye ubishi huu haueleweki.

Alifariki mwezi kama huu, miaka mingi iliyopita, Neema akiwa bado mgongoni kwangu. Alikuwa na kifua, anakohoa. Baba Neema alikuwa amefika jioni na lori. Akawasha jiko la mkaa uani, akalipepea mpaka likawa jekundu bila moshi hata kidogo, akaliingiza chumbani kwa mama yake na kufunga dirisha ili joto lisitoke. Huo ulikuwa upendo. Hapa Njombe hakuna mtu ambaye hajawahi kumfanyia hivyo mtu anayempenda.

Asubuhi mama hakuamka.

Daktari alituambia ni hewa ya mkaa. Ndugu wakasema ni presha. Wengine wakamtaja jirani kwa sauti ya chini. Baba Neema aliwasikiliza wote, akachagua presha. Tangu siku ile neno letu ni presha, na hakuna aliyewahi kulibishia, si mimi, si wifi.

Kwa hiyo niliposema gesi, yeye hakusikia habari za upepo na cheche. Alisikia kwamba mkaa unaua. Na kama mkaa unaua, basi yeye ndiye aliyeubeba kwa mikono yake. Nililielewa hilo mapema kuliko anavyofikiri. Ndiyo maana nikaacha kubishana. Nikasema sawa, mkaa, lakini jiko likae nje, katikati ya boti, mbali na petroli. Akakubali haraka, kama mtu aliyepunguziwa adhabu.

Jumatano tukashuka Manda kwa ajili ya safari ya majaribio, kabla ya kwaya. Wifi Tumaini akaomba kuja. Wifi ni fundi cherehani, hajaolewa, ameishi kwenye nyumba hii maisha yake yote, na anaichukia baridi kama mtu anavyomchukia mkwe mkorofi. Alibeba blanketi lake hata kwenda ziwani. Nikamtania. Akasema, "Wifi, blanketi ni mume wangu, siliachi peke yake nyumbani."

Alhamisi asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Nikawasha jiko, nikachoma samaki wa ziwa hilo, mbasa, waliovuliwa usiku huo, na ninakiri mkaa ulitenda haki. Mafuta yalidondoka, moshi ukapanda, wavuvi waliokuwa wanarudi wakatupungia mikono. Baba Neema alikula amesimama, mkono mmoja kiunoni, kama mwenye ziwa. Aliniangalia, na nilijua anachosema.

Mchana, mbuzi akiwa jikoni, upepo wa kusini ukaamka. Kule hauanzi kidogokidogo. Maji yalibadilika rangi, mawimbi yakaanza kupiga ubavuni, na cheche zikaruka kutoka kwenye jiko zikapita juu ya vichwa vyetu kuelekea nyuma, kwenye injini na madumu. Ombeni akapiga kelele kwamba moto uzimwe. Nikachukua ndoo.

"Mbuzi hajaiva," Baba Neema alisema. "Niachie."

Akalikamata jiko kwa gunia bichi, akayumba nalo mpaka mbele, akaliingiza kwenye kibanda.

"Humo ndani, Baba Neema?"

"Upepo ukipita nalitoa."

Akarudi nyuma kumsaidia Ombeni. Mimi na wifi tukaingia kibandani, kwa sababu nje maji yalikuwa yanaturukia na nyama ilikuwa humo. Wifi akavuta mlango. Kidirisha kilikuwa kimezibwa na nailoni. Mkaa ulikuwa mwekundu, umeshika vizuri, hauna moshi. Ombeni asingeona kitu.

"Afadhali," wifi alisema, akijifunika. "Kama nyumbani."

Nikageuza nyama. Kichwa kikaanza kuniuma, nikasema ni mawimbi. Tumbo likavuruga, nikasema ni mawimbi. Miguu ikawa kama ya mtu mwingine. Wifi alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, na nikamwonea wivu kwamba anaweza kulala kwenye hali kama ile. Nikatoka kutapika, upepo ukaubamiza mlango nyuma yangu. Kama tumbo langu lingekuwa na nguvu kidogo zaidi, nisingetoka.

Niling'ang'ania ukingo wa boti muda mrefu, upepo ukinipiga usoni, na kichwa kikaanza kurudi mahali pake. Baba Neema akaniita kutoka nyuma.

"Tumaini yuko wapi?"

"Amelala."

Nilisikia neno langu mwenyewe. Yeye naye alilisikia. Sijui niueleze vipi uso wake. Aliachia kila alichokuwa ameshika, akaja mbele akitambaa na kuanguka juu ya mbao, mgongo ule ambao hauwezi kuinua hata kreti ya soda. Akaufungua mlango kwa teke. Jiko lilikuwa kati yake na dada yake. Hakutafuta gunia. Alilikamata kwa mikono mitupu, akalitupa ziwani na nyama yake yote, kisha akamshika wifi kwapani, akamburuta nje.

Alikuwa mzito kama mtu ambaye hayumo. Alikuwa ametapikia blanketi. Nilimpiga mashavu, nikamwita jina, nikamwagia maji. Baba Neema alimgeuza uso wake uelekee kwenye upepo akamkumbatia kwa nyuma, na akawa anasema maneno ya Kibena ambayo sikuwa nimemsikia akiyasema tangu mama yake afariki. Ombeni aligeuza boti. Njia yote wifi alikuwa anakoroma, na tulishukuru kwa kila mkoromo.

Walimpa oksijeni kwenye kituo cha afya, kisha gari likatupandisha hospitali. Barabara ile ya milima niliijua kwa kila kona, maana kila kona nilikishika kichwa chake kisigonge. Muuguzi alimfunga Baba Neema mikono yote miwili bandeji. Alipomuuliza jiko lilikuwa wapi, yeye alitazama ukuta, mimi ndiye niliyejibu.

Ijumaa mchana wifi akafumbua macho. Alitujua. Alitaja majina yetu. Tukaanza kumshukuru Mungu kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akatuitikia amina. Kisha wifi akamtazama kaka yake, akauliza kwa upole kabisa:

"Kaka, mama ameamka?"

Daktari alikuwa ametuonya kwamba akili inaweza kuchanganyikiwa siku chache. Nilifungua mdomo kusema apumzike kwanza, tutaongea baadaye. Baba Neema alinizuia kwa mkono wake wenye bandeji.

"Hapana, Tumaini," alisema. "Mama hakuamka. Nilimwekea jiko."

"La mkaa?"

"La mkaa. Nikafunga na dirisha."

"Akafa?"

"Akafa."

Wifi alifikiri kidogo, kisha akalia kama mtu anayepokea msiba mpya. Ulikuwa msiba mpya kwake. Akalia mpaka akalala. Jioni akaamka, akamtafuta kaka yake kwa macho, akauliza tena kama mama ameamka.

Nilimwambia mume wangu, mwambie ndiyo. Mwambie ametoka shambani, mwambie lolote, kesho atakuwa amesahau. Alikataa. Alisogeza kiti akamwambia tena, neno kwa neno, jiko na dirisha, na wifi akalia tena. Jumamosi asubuhi, tena. Sikuweza kukaa chumbani mara hiyo. Nilisimama kwenye korido nikitazama watu wanaofua nguo za wagonjwa wao, na nilimsikia kupitia mlangoni. Sauti yake haikutetemeka. Miaka yote hii nilisubiri aliseme mara moja, na alipoanza kulisema nilitamani anyamaze.

Jana mchana wifi akaamka na hakuuliza. Alimwangalia kaka yake, akaziangalia bandeji, akasema, "Nilijua kaka. Siku zote nilijua." Kisha akaomba uji.

Leo wameturuhusu, tukamleta nyumbani. Anatembea kwa kushika ukuta. Jina la mtoto wetu lilimpotea kidogo, likarudi. Daktari anasema tumlete tena wamwangalie. Amejaribu kutunga uzi kwenye sindano, ameshindwa, ameiweka sindano mezani taratibu, na hilo limeniuma kuliko kitanda cha hospitali.

Njiani Baba Neema alisema boti anampa Ombeni, hataki kuiona. Ameshampigia mwenyekiti wa kwaya kumwambia safari haipo. Nilipojaribu kumwambia kuna njia nyingine, kwamba kwenye boti pasiwake moto wowote, si mkaa si gesi, tuchomee ufukweni watu washuke na kula, aligeuzia uso dirishani. Aliangalia nje, kwenye mashamba ya chai. Sikurudia. Nilikuwa sahihi kuhusu mkaa, na sijui nifanye nini na usahihi huo. Haulainishi kitu. Zaidi ya hapo, nilikuwa sahihi kwa sababu isiyo yenyewe. Niliogopa cheche, kitu kinachoonekana, kama Ombeni tu.

Kuna jambo moja zaidi la leo, kisha nitaacha vidole vipumzike.

Jua lilipokaribia kuzama, jirani wa hapa, Mama Joshi, alikuwa uani kwake anapepea jiko. Ana kichanga cha wiki chache. Kupitia uzio niliona mkaa ukianza kushika, na nikajua unakoelekea. Nikaenda. Nikamsalimu kwa Kibena, kamwene, nikaulizia mtoto, nikamweleza yaliyompata wifi, nikamwomba jiko lisiingie chumbani. Alinisikiliza kwa heshima zote. Ni binti mwenye adabu. Akasema pole sana kwa mgonjwa, akasema baridi ya mwaka huu ni kali mno kwa mtoto, akasema huwa anaacha mlango wazi kidogo.

"Na sisi mama, tumezoea," akamalizia.

Unamwambia nini mama anayeogopa mwanawe asije akaganda? Nilikuwa nimeshageuka kurudi nilipoona Baba Neema amesimama nyuma yangu. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Mtu huyu hajawahi kuongea na majirani wa hapa tangu msiba, maana kwenye nyumba hii ndimo alimokuwa yule jirani aliyesingiziwa kumroga mama. Mama Joshi ameolewa kwenye nyumba hiyohiyo.

Aliinua mikono yake yenye bandeji kidogo, kama anayeomba radhi kwa kutoweza kumpa mkono.

"Mama yangu naye alikuwa amezoea," alisema. "Nyumba hii hapa. Chumba kile pale. Jiko niliwasha mimi."

Mama Joshi aliacha kupepea. Mkwewe, bibi mzee, alikuwa amekaa kwenye kizingiti akimenya maharage. Alimtazama Baba Neema muda mrefu, na mikono yake ikasimama ndani ya ungo. Kisha akasema kwa Kibena kitu ambacho mimi Mkinga nilikielewa nusu tu, na mume wangu akainamisha kichwa na kuitikia.

Nilipomuuliza ndani bibi alisema nini, alinijibu kwamba alisema, "Kumbe."

Mama Joshi ameacha jiko uani. Nimechungulia dirishani sasa hivi, bado liko pale, linazimika lenyewe, na mtoto analia kwa baridi. Nimewapelekea blanketi la pili la wifi. Ni usiku mmoja huo. Baridi ya kesho sijui itamshauri nini.